Mlimani au Mzumbe: maisha ya mwanafunzi wa sheria, kabla hujathibitisha

Umechaguliwa vyuo viwili. Nyumbani wameshangilia jioni nzima, simu za mashangazi zimepigwa, na sasa imebaki kazi ambayo hakuna wa kukusaidia: kuingiza namba ya uthibitisho ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na kubaki na chuo kimoja. Muda wenyewe huwa mfupi. Kwa wanaokwenda kusomea sheria, jozi inayosumbua vichwa kila msimu wa udahili ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na Chuo Kikuu Mzumbe kule Morogoro. Mjomba atasema nenda Mlimani, kuna jina. Dada wa jirani aliyemaliza Mzumbe atasema Mlimani ni kusomea kesi kwenye daladala huku umesimama. Hakuna anayekudanganya kati yao.

Nitangulize upande wangu ili unisome kwa tahadhari: mimi ni wa Mlimani. Morogoro nimeijua baadaye, kikazi, na kupitia wadogo zangu waliosoma huko.

Hapa silinganishi mitaala, maana haina tofauti ya kukukosesha usingizi. Popote utakapokwenda, mwanzoni utakutana na mikataba, jinai, katiba na mfumo wa sheria, pamoja na DS, somo la maendeleo (Development Studies), ambalo kila mtu hulilalamikia. Utamsoma yule mama Carlill aliyeishtaki kampuni ya dawa ya mafua, kesi ya London ya mwishoni mwa karne ya 19, kana kwamba ilitokea Manzese. Na ukimaliza, mlango wa uwakili ni mmoja kwa wote: Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile ambayo kila mtu anaiita Law School, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kupokea wanafunzi 2008. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka matokeo yake yalipotoka: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni. Mle ndani walikuwamo wa Mlimani, wa Mzumbe, wa Iringa, wa Mwanza, na karatasi ya mtihani haikumuuliza mtu alilala hosteli gani.

Basi swali lako ni la namna nyingine. Sheria haisomwi darasani. Darasani unaelekezwa tu cha kwenda kusoma. Kazi yenyewe inafanyika kuanzia saa kumi alasiri hadi saa sita usiku, wewe na rundo la hukumu, au wewe na wenzako wanne mnabishana kama kulikuwa na mkataba au hapakuwa. Chuo kitakachokufaa ni kile kitakachokuachia saa hizo. Mengine yote nitakayoyasema yanarudi hapo.

Chumba ndicho kinachoamua

Anza na chumba, kwa sababu kinaamua mambo mengi kuliko maprofesa.

Mlimani, ukipata chumba ndani ya kampasi, iwe kwenye yale mabweni ya zamani yanayoitwa kwa namba au kwenye hosteli za Magufuli, umeshinda nusu ya vita. Hosteli za Magufuli ni majengo 20 yenye uwezo wa kulaza wanafunzi 3,840. Zilipofunguliwa Aprili 2017, Rais Magufuli aliagiza mwanafunzi alipe shilingi 500 kwa siku. Hakuna chumba cha mtaani Dar es Salaam kitakachokaribia bei ya namna hiyo. Kutoka huko unatembea kwa miguu hadi darasani, unatembea hadi maktaba, na saa nne usiku unarudi kwa miguu.

Ukipangiwa Mabibo, maisha yanabadilika. Hosteli ya Mabibo iko nje ya kampasi, ng'ambo ya Barabara ya Morogoro, na kati yako na maktaba kuna Ubungo. Tangu Daraja la Kijazi lifunguliwe 2021 ile foleni ya Ubungo ya kuzeekea njiani imepungua, lakini bado kila siku ya Mungu unapanga mambo yako kwa kufuata usafiri. Diskasheni ya saa mbili usiku inakuwa mtihani: uhudhurie urudi na nani, au uiache.

Wasiopata chumba kabisa wana njia mbili. Ya kwanza ni kubebana, mwenye kitanda anamkaribisha asiye nacho, wawili godoro moja. Usitarajie uongozi ukubariki kwa hilo, ila ni mila ya siku nyingi na imewasomesha watu wengi ambao leo wanaitwa waheshimiwa. Ya pili ni geto, yaani chumba cha kupanga mtaani: Changanyikeni, Msewe, Makongo, Survey, au mbali zaidi Kimara na Sinza. Uzuri wa geto ni kupika na kulala utakavyo. Ubaya ni mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita mbele, wengine mwaka mzima, wakati wewe mkopo wako unakuja kwa awamu. Na jirani mwenye spika kubwa hajui kama kesho una testi ya jinai.

Mzumbe, hesabu ni nyepesi. Kampasi kuu iko wilaya ya Mvomero, zaidi ya kilomita 20 kutoka Morogoro mjini, kando ya barabara kuu iendayo Iringa, chini ya milima ya Uluguru. Kuna hosteli za ndani, kuna majengo mapya upande wa Maekani, na wasiopata humo wanapanga Changarawe, senta iliyoota pembeni ya chuo na inayoishi kwa ajili ya chuo. Geto la Changarawe na darasa ni mwendo wa miguu. Maana yake, hata aliyekosa hosteli Mzumbe anaishi karibu na kitabu kuliko aliyepata hosteli ya Mabibo. Hilo peke yake lilitosha kumfanya mdogo wangu mmoja achague Morogoro, na sijawahi kumsikia akijuta.

Kwa binti, hapa ongeza uzito. Mlimani kampasi ni kubwa na ya miti mingi. Ukiwa unakaa ndani utatembea kwa makundi na utazoea, ukiwa Msewe au Makongo usiku una gharama ya bodaboda au una hofu, chagua. Changarawe nayo si peponi: barabara kuu ina malori ya Zambia na Kongo yasiyopunguza mwendo, na vichochoro vyake vina giza. Ila umbali ni mfupi, na sura za watu unazijua.

Bumu linaisha wapi haraka

Bumu, kwa wasiojua, ni fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo. Mwaka 2022 ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Fedha hiyo ni ile ile uwe Ubungo au Mvomero. Bodi haina bei ya Dar na bei ya mkoani. Ndiyo maana shilingi elfu kumi ya Mzumbe inakwenda mbali kuliko ya Mlimani.

Morogoro wanaiita mji kasoro bahari, na sokoni utaelewa kwa nini hawalalamiki. Mboga, ndizi, matunda na mchele vinatoka pale pale mkoani. Wanafunzi watatu wa Changarawe wakichanga, wakanunua mchele, maharage, mafuta na mkaa au gesi ndogo, wanakula vizuri na kubakisha. Mlimani ukikaa ndani ya kampasi, mara nyingi utakula kwa mama lishe au kafeteria, kwa sababu jiko la umeme chumbani ni kosa (lipo chini ya vitanda vingi, lakini ni kosa). Kula kwa kununua mara tatu kwa siku Dar es Salaam ndiyo njia ya haraka ya kufikia wiki ya tano ukila chipsi kavu bila yai.

Kuna na nauli. Ukishamaliza sekondari huvai sare tena, na konda wa daladala hana muda wa kuangalia kitambulisho cha chuo. Unalipa nauli ya mtu mzima, ambayo tangu Desemba 2023 inaanzia shilingi 600 kwa safari fupi. Anayekaa Kimara na kuunganisha magari mawili, kwenda na kurudi, ajipigie mwenyewe. Mzumbe hesabu ya nauli inakuja wikendi tu, unapopanda gari kwenda Msamvu au mjini kununua vitu.

Na madesa, yaani nakala za kusomea. Wanafunzi wa sheria wanapiga fotokopi kuliko wanafunzi wa kozi yoyote ninayoijua, kote kuwili. Hapo hakuna aliye nafuu. Suti pia: utahitaji moja nyeusi, ya kuwasilishia kazi na ya siku ya mahakama ya kuigiza. Mtumba wa Manzese au Karume utakupa suti nzuri kwa bei ya utani ukijua kuchagua, na hata wa Mzumbe wengi huja kuinunua Dar.

Mahakama iko umbali gani

Hapa Mlimani wanatamba, na wana haki.

Kutoka kampasi hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 13. Ukishafika Ubungo unapanda mwendokasi, iliyoanza kazi 2016, inakushusha Kivukoni, na Mahakama Kuu iko hapo hapo mbele ya bahari. Kisutu haiko mbali, ile mahakama ya hakimu mkazi ambayo kesi zake unazisikia kwenye taarifa ya habari. Kuna Kitengo cha Biashara cha Mahakama Kuu, kuna cha Ardhi, kuna kituo jumuishi cha Temeke kinachoshughulika na mirathi na ndoa. Mahakama ni ya wazi; huhitaji barua ya mtu kuingia, ukae nyuma, ufunge simu na kusikiliza wakili anavyomhoji shahidi hadi shahidi anaanza kuomba maji. Asubuhi moja ya namna hiyo inakufundisha sheria ya ushahidi kwa namna ambayo slaidi hazitaweza.

Dar kuna pia ofisi za mawakili kila ghorofa, kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, kuna mashirika ya msaada wa kisheria kwa wanawake. Chuoni kwenyewe, kamati ya msaada wa kisheria ya walimu wa sheria ilianzishwa 1967 na ni miongoni mwa za kwanza nchini. Mwanafunzi mwenye ujanja anaweza kuanza kujitolea mahali akiwa mwaka wa pili.

Lakini sikia. Ni wangapi wanaokwenda? Mlimani kuna wanafunzi wa sheria wanaomaliza shahada na Kisutu wameiona kwenye televisheni. Ukaribu wa mahakama ni mali kwa anayeamka saa kumi na moja asubuhi siku asiyokuwa na kipindi. Kama unajijua wewe si huyo, usiilipie Dar es Salaam kwa sababu ya mahakama.

Morogoro si jangwa vile vile. Oktoba 2021 Rais Samia alizindua vituo jumuishi vya utoaji haki sita, na kimoja ni cha Morogoro: chini ya paa moja kuna ngazi kadhaa za mahakama, kutoka Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Mwanafunzi anayekwenda kwa siku moja anaziona zote bila kuzunguka mji. Tena ni mkoa wa ardhi na mifugo. Migogoro ya wakulima na wafugaji ya Kilosa na Mvomero imeandikwa sana, na kesi za ardhi ya kijiji unazosoma kwenye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 zinatokea kwa majirani wa chuo. Kwa anayetaka kuja kuwa mwanasheria wa halmashauri au wa shirika la ardhi, hiyo ni shule ambayo Kivukoni haina.

Halafu kuna field, yaani mafunzo kwa vitendo. Likizo ndefu unaweza kuifanyia wilayani kwenu, popote ulikosoma. Dar kila mwaka wanafunzi wa vyuo vyote wanagombea viti vile vile, unaweza kupewa kazi ya kupanga mafaili hadi ukajua rangi zake zote. Nimeona vijana waliokwenda mahakama ya wilaya mbali na jiji wakakaa karibu na hakimu, wakaandika mienendo ya mashauri, wakaulizwa maoni yao. Kwa hiyo pengo la Dar na Morogoro kwenye vitendo ni dogo kuliko linavyotajwa, ukilipanga mwenyewe.

Maktaba, machimbo na diskasheni

Maktaba mpya ya Mlimani, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 2018, ni kubwa kiasi kwamba mwaka wa kwanza hupotea humo. Ya zamani nayo ina kitengo cha East Africana, na siku utakapoandika tasnifu utakuja kuelewa thamani yake: ripoti, magazeti na nyaraka za miaka ambayo wazazi wako walikuwa watoto. Mzumbe haina hazina ya namna hiyo, na sioni haja ya kuzunguka maneno.

Ila kwa kazi ya kila siku, mambo yamebadilika. Hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, na mwanafunzi mwenye simu nzuri na bando anasoma kesi ileile akiwa kitandani Changarawe. Kilichobaki ni mahali pa kukaa na watu wa kukaa nao, na hapo Mzumbe inapanda. Kampasi ndogo ina tabia moja: watu hawana pa kwenda. Saa moja jioni madarasa yaliyo wazi yamejaa vikundi, na ukikosa kikundi utakutwa unatafuta. Walimu nao wanaishi karibu. Utakutana na mwalimu wako wa sheria ya madhara (tort) akinunua nyanya.

Mlimani kila mtu ana chimbo lake, sehemu ya siri ya kupigia msuli, na anaificha. Vikundi vipo, vingine vikali sana, lakini vinavunjika kwa sababu ya jiografia: mmoja yuko Mabibo, mwingine Makongo, wa tatu anaishi kwa shangazi Tabata na lazima aondoke saa kumi na mbili kabla foleni haijakolea. Ukitaka kufaidi Mlimani, tafuta kikundi cha watu mnaolala jirani kabla hujatafuta cha watu wenye akili. Wenye akili wasiofika hawakusaidii.

Madarasa ya sheria ni makubwa huku na huku. Utakaa nyuma, utaandika kwa kubahatisha. Anayetaka kusikika aende semina, na ajiunge na mahakama ya kuigiza mapema. Mlimani nafasi ya kushindana na vyuo vya nje ni ya muda mrefu zaidi na ushindani wa kuingia timu ni mkali. Mzumbe foleni ni fupi kidogo, na mtu wa kawaida mwenye bidii ana uwezekano wa kusimama mbele ya majaji wa kuigiza akiwa bado mwaka wa pili. Kwa mwenye aibu ya kuzungumza, na sheria ina wengi wa namna hiyo, hiyo ni hoja nzito.

Jambo moja la lugha ambalo halihusu chuo kimoja kuliko kingine: utasoma kwa Kiingereza kisha ukafanye kazi kwenye nchi ambayo Mahakama ya Mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, na ambayo mwaka 2021 ilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Jifunze kuandaa hoja kwa lugha zote mbili ukiwa bado mwanafunzi. Hakuna chuo kati ya hivi kitakachokushika mkono kwa hilo.

Jina

Sasa mjomba. Jina la Mlimani si hewa. Kitivo cha Sheria ndicho chuo kilivyoanza, Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiojaza hata daladala moja, akiwamo Julie Manning aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria. Mlimani walihamia 1964. Kwa miaka ile vijana wa Kenya na Uganda waliotaka kusomea sheria ndani ya Afrika Mashariki walikuja Dar. Joseph Warioba alipita pale, Jaji Augustino Ramadhani alipita pale, Willy Mutunga aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya alipita pale, Tundu Lissu pia. Rebeca Gyumi, aliyeipeleka Serikali mahakamani kuhusu umri wa kuolewa na kushinda Mahakama Kuu 2016, kisha Mahakama ya Rufani 2019, naye ni zao la Mlimani. Noti ya shilingi 500 kabla haijawa sarafu ilikuwa na picha ya Ukumbi wa Nkrumah nyuma yake. Tulikuwa tukiwatania wa vyuo vingine kwa hilo, ingawa noti yenyewe mara nyingi hatukuwa nayo.

Faida ya jina hilo kwa maisha ya kila siku ni mazungumzo. Mlimani kuna mihadhara ya jioni, kuna Kigoda cha Mwalimu Nyerere kilichoanza 2008 na Profesa Issa Shivji, kuna mabishano ya siasa kuanzia foleni ya kafeteria. Ni chuo kilichozoea kubishana na wakubwa: 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na Mwalimu akawarudisha nyumbani mamia kwa mamia. Kama damu yako inachemka kwa mambo ya katiba, utakuwa nyumbani.

Mzumbe ina asili tofauti kabisa. Ilianza 1953 kama shule ya kuandaa machifu na watendaji wa serikali za mitaa, ikaja kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, IDM ya wazee wetu, na 2001 ikawa chuo kikuu. Rais Samia alisomea utawala hapo, akamaliza 1986. Mwanafunzi wa sheria wa Mzumbe analala chumba kimoja na wa utawala, wa rasilimali watu, wa ununuzi. Miaka kumi baadaye hao ndio maafisa utumishi, wakurugenzi wa halmashauri na makatibu tawala, na namba zao za simu anazo. Wa Mlimani huwa na namba za mawakili wenzake na waandishi wa habari. Fikiria wewe utahitaji zipi.

Starehe

Nitapita haraka. Dar kuna kila kitu, Mlimani City iko ng'ambo ya barabara, Coco Beach si mbali, na Simba na Yanga unakwenda kuwaona Kwa Mkapa badala ya kuwaona kibanda umiza. Mzumbe kuna mpira wa jioni, kwaya, fellowship, msikiti, kupanda Uluguru siku ya Jumamosi, na Morogoro mjini. Ukichoka na kijiji, tangu 2024 treni ya SGR inakutoa Morogoro hadi Dar kwa muda usiofika saa mbili. Wa Mzumbe wengi wanaapa hawakukosa kitu. Wachache walikuwa wapweke kweli kweli, hasa waliozaliwa na kukulia mjini, na upweke unasomesha wengine na kuwaangusha wengine.

Nani aende wapi

Kama una ndugu wa kukupokea karibu na kampasi, Survey au Makongo kwa mfano, na nyumba yao ina utulivu, nenda Mlimani bila kusita. Kama ndugu mwenyewe yuko Gongo la Mboto au Mbagala, hesabu kama huna ndugu.

Kama ndoto yako ni uwakili wa kampuni kubwa, haki za binadamu au ualimu wa chuo, na umewahi kujisimamia mwenyewe bila kengele ya shule, Mlimani itakulipa. Wale waliotoka shule za bweni zenye ratiba ya kila dakika wajipime hapa: Dar inawatoa wengi njiani muhula wa kwanza, na sapu (mitihani ya kurudia) tatu za mwanzo ni ngumu kuzifuta.

Kama unategemea bumu peke yake, hakuna wa kukuongezea nyumbani, sitakuzungusha: Mzumbe. Mwanafunzi aliyeshiba na anayelala dakika kumi kutoka darasani anamshinda mwenye jina la chuo na njaa. Nitasema hivyo hivyo kwa mwenye mtoto mchanga, au mwenye ulemavu wa kutembea. Mlimani ni kilima kweli, na majengo yake yametawanyika.

Kwa asiye na upande, chuo kimoja na kingine vinamkubali, fedha ipo ya kutosha, hana ndugu Dar wala Morogoro: mimi namwambia Mlimani, kwa sharti la chumba cha ndani. Ombi la chumba lijaze siku ile ile mfumo unapofunguliwa, usisubiri kufika. Ukipangiwa Mabibo, kubali kwanza, kisha fuatilia kubadilishana kwa wiki mbili za mwanzo wakati watu bado wanahamahama na wengine hawajaripoti. Baada ya hapo milango hufungwa, na utaanza kuujua ukanda wa Ubungo kwa majina ya vituo vyake.